Kobe mwenye mabawa: ni akina nani waliotengeneza Ingagi na ndugu zake?

Swali limetoka kwa msomaji wa Bukavu anayeendesha klabu ndogo ya sinema kwa vijana. Anaandika: "Nimeiona mtandaoni filamu ya Kimarekani ya 1930 iitwayo Ingagi. Wanadai imepigwa kwetu Kongo. Mimi nimekulia karibu na Kahuzi-Biega. Watu wale si wetu, na baadhi ya wanyama sijui wametoka wapi. Nikisoma naambiwa ni 'filamu ya unyonyaji'. Aliyenyonywa ni nani? Waliotengeneza vitu hivi ni akina nani, waliachiwaje, na je, niwaonyeshe vijana wangu au niitupe?"

Ndugu yangu, macho yako hayakukudanganya. Nianze na filamu hiyohiyo, halafu nikupeleke kwa ukoo wake.

Ingagi ilitolewa na kampuni iliyojiita Congo Pictures, mkuu wake akiwa Nat Spitzer. Ilitangazwa kuwa kumbukumbu halisi ya msafara wa Sir Hubert Winstead wa London, aliyeingia msituni na kukuta kabila linalomtolea gorila mwanamke kila mwaka. Sir Hubert huyo hakuwahi kuzaliwa. Hao wanaoitwa mbilikimo wa Kongo walikuwa watoto weusi wa Los Angeles. Gorila anayembeba mwanamke ni Charles Gemora, Mfilipino, fundi wa sura bandia za sinema, akiwa ndani ya vazi lake la manyoya. Baadaye alikiri kwa kiapo cha maandishi kwamba ni yeye. Orangutangu uliyemwona kwao ni Borneo na Sumatra. Na yule mnyama mpya mwenye sumu ambaye filamu inamwita "tortadillo" ni kobe wa kawaida aliyebandikwa mabawa, magamba na mkia. Mara ya kwanza nilipomwona nilicheka mpaka nikasimamisha mkanda. Kisha wakaja wale watoto, kicheko kikaniishia.

Vipande vya kweli vya Afrika vimo, ila vingi havikupigwa na hao waliojidai kuwapo. Vilichomolewa kwenye filamu ya zamani, Heart of Africa, iliyotokana na safari ya uwindaji ya Grace Mackenzie huku Afrika Mashariki, miaka kama 15 kabla yake. Mwanawe Mackenzie aliwashitaki. Kwa hiyo walioibiwa ni wengi: mwenye picha, mtazamaji, na kuliko wote watu wa Kongo, ambao jina lao liliuzwa bila hata kamera kufika kwao. Jina la filamu, ajabu, ni sahihi. Wewe uliye jirani na Warundi na Wanyarwanda unajua kuwa ingagi kwao ndiye gorila.

Watu walijaa. Majumba ya sinema ya kampuni ya RKO yaliichukua na foleni zikazunguka mitaa. Wataalamu wa wanyama wakapinga, ofisi ya maadili ya Hollywood ikaona aibu, na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikachunguza hadi mwaka 1933, ilipowaamuru wenye filamu waache kuitangaza kama habari ya kweli. Zingatia kosa waliloshikwa nalo. Hakuna aliyewauliza kwa nini wamewatukana Waafrika. Waliulizwa kwa nini wameandika "halisi" juu ya bidhaa isiyo halisi, kama muuza maziwa aliyetia maji. Mwaka huohuo wa 1933 RKO ilitoa King Kong, sokwe mkubwa na mwanamke mikononi, safari hii bila kudai kuwa ni kweli.

Sasa hilo neno "unyonyaji", kwa Kiingereza exploitation. Waliolitafsiri hivyo wamefuata kamusi, wakaacha soko. Katika biashara ya sinema ya Marekani ya miaka ya 1920 neno hilo lilikuwa na maana ya kazi ya kuinadi filamu: mabango, gwaride la barabarani, vituko mlangoni pa ukumbi. Kila studio ilikuwa na idara yake. Kwetu Dar es Salaam tungeiita kazi ya wapiga debe, wale vijana wa stendi wanaoapa kuwa gari linaondoka sasa hivi, kumbe injini haijawashwa. Kulikuwa na filamu zisizo na nyota anayejulikana wala fedha za kutengenezea kitu kizuri, ambazo zisingeuza tiketi moja bila kelele hizo. Zikapewa jina la kelele yenyewe. Mimi huziita filamu za kupiga debe. Maana ya kunyonya, kwamba filamu inafyonza hofu au tamaa ya watu, ilikuja kupanda juu ya ile ya kwanza. Haikukosea sana, lakini si ndiyo ya asili.

Zilianzaje? Nenda Novemba 1913, New York. Studio ya Universal ilitoa Traffic in Souls, ya George Loane Tucker, kuhusu wasichana wanaotekwa na kuuzwa kwenye madanguro. Magazeti yalikuwa yamejaa habari za biashara hiyo, na tume ya tajiri Rockefeller ilikuwa imeichunguza. Filamu iligharimu dola 5,700 hivi na inatajwa kuingiza karibu dola 450,000. Hesabu hiyo ndiyo mama wa yote yaliyofuata. Kuna mtu mahali fulani alipiga mahesabu, akagundua kwamba jambo ambalo watu wanaona haya kulitaja mezani watalilipia gizani, mradi uwaambie ni onyo.

Halafu jeshi likaongeza petroli. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia kaswende na kisonono viliwatoa askari wengi kazini, na serikali yenyewe ikatengeneza filamu za kuwaonya, mojawapo ikiitwa Fit to Fight. Vita ilipoisha, mwaka 1919, filamu hiyo ilibadilishwa jina kuwa Fit to Win na kuonyeshwa kwa raia, pamoja na nyingine ya wanawake, The End of the Road. Wasambazaji wakazinadi kwa namna ambayo madaktari hawakuitarajia. Kukawa na ghasia, maaskofu wakanena, na wakubwa wa sinema wakajitenga haraka. Hapo njia zikaachana: studio kubwa zikataka heshima ya familia, na mada chafu zikabaki barabarani bila mwenyewe.

Kujitenga huko kukawa sheria ya ndani. Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba sinema ni biashara tu, haina ulinzi wa uhuru wa kusema, kwa hiyo kila jimbo na kila mji uliweza kuunda bodi ya kukata filamu. Ili kuzuia serikali zisiwaingilie zaidi, studio zilimwajiri Will Hays kuwa mkuu wa chama chao mwaka 1922, zikaandika Kanuni ya Uzalishaji mwaka 1930, na kuanzia Julai 1934 zikaitia meno chini ya Joseph Breen: filamu isiyo na muhuri wake isionyeshwe kwenye majumba yao, na mkaidi alipe faini ya dola 25,000. Kanuni ilitaja kwa majina vitu visivyoruhusiwa. Biashara ya kuuza wanawake. Magonjwa ya zinaa. Dawa za kulevya. Mama kujifungua, hata kwa kivuli ukutani.

Hebu isome orodha hiyo kwa macho ya mfanyabiashara asiye na aibu. Wenye fedha, nyota na kamera bora wameweka ahadi kwa maandishi kwamba hawatagusa bidhaa hizi. Wamekuachia duka zima! Ndiyo maana nasema marufuku ndiyo iliyokuwa mtaji wao. Umeuliza waliachiwaje. Waliachiwa na Kanuni ileile inayosifiwa kuwa ilisafisha sinema, kwa kuwa ilizifunga studio kubwa tu. Mtu mwenye filamu yake na gari lake hakuwa mwanachama wa chama chochote.

Alihitaji kupambana na bodi ya mji mmoja baada ya mwingine, basi, na kwa hilo walikuwa na mbinu. Haki za filamu ziliuzwa kwa jimbo au kundi la majimbo, kila mtu na eneo lake. Wenyewe kwa wenyewe walijiita Wezi Arobaini, na sidhani walitania sana. Mwenye eneo alifika mjini, akakodi ukumbi kwa wiki kwa bei moja, akalipia matangazo mwenyewe, akachukua kiingilio chote. Mkanda mmoja ulikuwa na sura mbili, ya baridi kwa mji wenye mchungaji mkali na ya moto kwa mji ambao polisi wake wanaelewana na watu. Mwanzoni yaliwekwa maandishi marefu ya kuomba radhi: tunaonyesha uovu huu ili wazazi waamke. Na kama watazamaji walinung'unika kwamba hawakuona walichoahidiwa kwenye bango, palikuwa na kipande cha ziada chenye miili mitupu cha kuwatuliza kabla hawajadai fedha zao.

Filamu zenyewe? Nyingi ni mbovu kweli. Utaona kivuli cha kamera ukutani, mwigizaji akisubiri zamu yake kama mtu wa foleni ya benki. Sitakuficha.

Watu wake ndio utamu. Chukua Louis Sonney, mhamiaji kutoka Italia, polisi wa mji wa Centralia, jimbo la Washington, ambaye mwaka 1921 alimkamata Roy Gardner, jambazi wa treni aliyetafutwa nchi nzima. Watu walitaka kusikia habari hiyo, naye akagundua kwamba kuisimulia kuna faida kuliko kukamata majambazi wengine. Akaanza kuzunguka na maonyesho ya uhalifu, na katika shehena yake akapata maiti. Naam, maiti. Elmer McCurdy, mhalifu aliyepigwa risasi Oklahoma mwaka 1911, alitiwa dawa asioze, na kwa kuwa hakuna aliyekuja kumzika akawa kitu cha kutazamwa kwa senti. Akapita mikono mingi hadi kwa Sonney.

Mwaka 1933 Sonney alimwazima rafiki yake Dwain Esper mzigo huo. Esper alikuwa mtu wa ujenzi na ardhi, aliyeingia kwenye sinema baada ya vyombo vya kutengenezea filamu kumwangukia mikononi kwa njia ya deni. Mkewe, Hildegarde Stadie, ndiye aliyeandika hadithi. Filamu yao Narcotic inamfuata daktari anayezama kwenye kasumba na kuishia kuuza dawa ya uongo, "Mafuta ya Simbamarara", kwenye maonyesho ya kuzunguka. Mlangoni pa ukumbi Esper alimsimamisha Elmer, akawaambia wateja: huyu ndiye mla dawa za kulevya, tazameni mwisho wake. Marehemu alikuwa mwizi. Kasumba hiyo alisingiziwa miaka 22 baada ya kufa.

Wacha nimalize habari yake, maana nikiiacha utanilaumu. Maiti ilikaa ghalani kwa akina Sonney kwa miaka mingi, ikauzwa, ikapakwa rangi, ikaishia kuning'inia ndani ya nyumba ya vitisho katika bustani ya burudani ya Long Beach, California, kila mtu akiamini ni mwanasesere. Desemba 1976 watu wa televisheni walikuja kupiga picha za tamthilia pale, mmoja akamshika mkono, mkono ukakatika, ndani ukaonekana mfupa. Wachunguzi walipofungua kinywa walikuta senti ya mwaka 1924 na vipande vya tiketi za jumba la maonyesho la Sonney. Alizikwa Guthrie, Oklahoma, mwaka 1977.

Esper aliendelea. Alitoa Marihuana mwaka 1936, mwaka mmoja kabla ya Bunge la Marekani kuibana bangi kwa sheria ya kodi. Aliichukua pia filamu ya mwenzake Louis Gasnier, Tell Your Children, ambayo wewe huenda unaijua kwa jina la Reefer Madness, inayodai kwamba mvuto mmoja wa bangi unatosha kukufanya muuaji. Hiyo ilikufa, ikafufuka vibaya: mwaka 1972 wanaharakati wa kuhalalisha bangi waliupata mkanda wake kwa dola 297, wakauonyesha vyuoni, na wanafunzi wakacheka hadi machozi. Onyo likageuka kichekesho cha kuchangisha fedha kwa upande uleule lililotaka kuuangamiza. Na mwishoni mwa miaka ya 1940 Esper alikodi kutoka MGM haki za Freaks, filamu ya Tod Browning ya 1932 ambayo studio hiyo iliionea haya, akaizungusha kwa majina mapya ya kunasa macho. Kwa jicho langu hiyo ndiyo pekee, kati ya zote alizozungusha, inayostahili kuitwa kazi ya sanaa. Naye hakuitengeneza.

Mfalme wao lakini ni Kroger Babb, mtu wa Ohio. Mwaka 1945 alitoa Mom and Dad, iliyoongozwa na William Beaudine kwa dola 63,000 hivi. Msichana mwema anakutana na rubani kijana. Hajui lolote kwa sababu mama yake alikataa kumfundisha. Rubani anafariki katika ajali ya ndege. Msichana ana mimba. Hadithi hiyo ni bahasha tu. Barua yenyewe ni vipande vya hospitali mwishoni: mama akijifungua, mwingine akipasuliwa, wagonjwa wa kaswende.

Babb alijua kuuza kuliko alivyojua sinema. Wanawake waliingia saa nane mchana na saa moja jioni, wanaume saa tatu usiku. Kuwatenga kulimfanya kila mmoja aamini kuna kitu kikubwa ndani. Wasichana waliovaa sare za wauguzi walisimama ukumbini kuwapokea watakaozimia. Kabla watu wake hawajafika mjini, gazeti la pale lilipokea barua za kulaani filamu na nyingine za kuitetea, na nyingi alikuwa ameziandika mwenyewe. Katikati ya onyesho taa ziliwashwa, akapanda jukwaani Elliot Forbes, mhubiri mashuhuri wa afya. Usiku huohuo Elliot Forbes mwingine alihutubia mji mwingine, na mwingine kwingineko, kwa sababu hilo lilikuwa jina la kazi, si la mtu. Baada ya hotuba ziliuzwa vitabu viwili vyembamba, kimoja cha kina baba na wavulana, kingine cha kina mama na wasichana, vilivyoandikwa na Mildred Horn, kwa dola moja kila kimoja. Kuvichapa kuligharimu senti chache. Umewahi kumwona yule muuza dawa wa gulioni anayewacheza watu na nyoka kwa saa nzima, ndipo atoe chupa? Nyoka wa Babb alikuwa filamu.

Hapa nitamtetea kidogo, na wenzangu hunishangaa. Kanisa Katoliki liliilaani Mom and Dad, miji ikaipeleka mahakamani, na Babb akalipia mawakili miaka nenda rudi. Mwaka 1956 mahakama ya New York ikaamua kwamba kuzaliwa kwa mtoto si uchafu. Kwa msichana wa kijiji cha Indiana wa mwaka 1946, ambaye hakuna mtu mzima aliyethubutu kumweleza mwili wake, dakika zile za hospitali zilikuwa somo, hata kama mwalimu alikuwa tapeli. Mwaka 2005 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza filamu hiyo kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa.

Utetezi huo siupeleki kwa filamu zao za Afrika. Kule hapakuwa na somo lolote nyuma ya pazia. Wala haikuishia kwenye Ingagi. Mwaka 1955, Kenya ikiwa chini ya hali ya hatari na maelfu wakiwa kizuizini, ilitoka Marekani filamu iitwayo Mau Mau. Ina picha za habari kutoka Kenya na sauti ya Chet Huntley, ambaye mwaka uliofuata alianza kuwasomea Wamarekani taarifa ya habari ya NBC. Katikati yake vimepachikwa vipande vilivyoigizwa hukohuko Marekani, wanawake weusi wakiwa nusu uchi wakivamiwa kwa mapanga. Mwili mtupu wa mwanamke mzungu ungemletea mwenye ukumbi polisi. Wa mwanamke mweusi, ukiuita "desturi za kienyeji", ulipita mbele ya wakaguzi wengi bila swali. Dirisha hilo ndilo lililopitisha Ingagi mwaka 1930, na miaka 25 baadaye lilikuwa bado wazi.

Kilichowamaliza wapiga debe hawa hakikuwa dhamiri. Mwaka 1952 Mahakama Kuu iligeuza uamuzi wake, ikaipa sinema ulinzi wa uhuru wa kusema, na mwaka 1956 Kanuni ya Hollywood ililegezwa, dawa za kulevya zikaruhusiwa kuzungumzwa. Studio kubwa zikaingia dukani. Mpiga debe mwenye mkanda uliochakaa angemwambia nini mteja, wakati jambo lilelile linaonyeshwa mtaa wa pili likiwa na nyota na rangi?

Swali lako la mwisho. Usiitupe. Waonyeshe vijana wako, lakini si mkanda mzima. Dakika 20 zinatosha, na zingine zinachosha. Anza na gorila, uwaulize wao waliomwona wa kweli mlimani: anatembea hivyo? Watamkamata Gemora kabla hujamaliza swali. Halafu nenda kwa wale watoto wanaoitwa mbilikimo, uwaambie walitoka mtaa gani wa dunia, uwape muda wa kusema. Usiwachekeshe hapo. Kobe mweke mwisho kabisa, na picha uisimamishe anapogeuka upande, maana ukitazama vizuri utaona mahali mabawa yalipogundishwa.